Dakika Ishirini za Gundi

Kawangware,
Jumamosi, Machi 7

Ndugu yangu Mbuvi,

Pokea salamu za dada yako ambaye umemnunia miezi kumi sasa. Wewe u mzima? Mama yetu Mwaitu je, yale macho yanamsumbua bado, ama dawa ya matone imeanza kufanya kazi? Na mvua imeshuka huko Kitui, au mnaitazama tu ikipita kama gari la mkubwa? Sisi huku tuko salama. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida, lakini ni mgongo wa fundi viatu, sikutarajia uimbe.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi siku hizi. Nimekupigia simu mara thelathini na nne tangu uondoke. Umeshika mara mbili, na zote mbili ukasema mtandao ni mbaya, na huku namsikia kuku wa Mwaitu vizuri kabisa. Ujumbe unausoma na hujibu, nikaona zile alama zikigeuka bluu, bluu, bluu, hadi nikachukia rangi yenyewe. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Karatasi haigeuki bluu. Kaveke wa duka la nafaka anasafiri Jumanne, naye nimemwambia akukabidhi mkononi, wewe mwenyewe. Asimpe Mwaitu, maana Mwaitu atampelekea jirani amsomee kwa sauti na kijiji kizima kitakuwa kimeelewa kabla yako.

Kwanza niseme yaliyoniuma mimi, halafu nitafika kwa mengine. Uliondoka hapa Mei mwaka jana na begi moja, na hukuniaga. Brashi zako za gundi uliziosha ukazipanga mezani kama vijiko vya harusi, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yangu. Mimi huyu, Mbuvi, niliyetoka shule nikiwa kidato cha pili baba alipotuacha, ili wewe uendelee. Nilianza kushona viatu kando ya barabara pale Satellite na mtaji wa shilingi elfu tatu na mia mbili, sindano mbili na kibao cha kukalia. Karo yako ya sekondari ilikuwa laki moja na elfu tisini na sita. Ya chuo kikuu niliyolipa mimi ilikuwa laki mbili na elfu kumi na nane. Hapo sijahesabu lile koti jeupe la maabara na miwani ya plastiki ulivyovaa ukapiga picha ukamtumia Mwaitu, naye akadhani umekuwa daktari wa hospitali. Sijawahi kukutajia hesabu hii hata siku moja. Leo naitaja si kwa kukudai. Naitaja ujue kwamba mimi hesabu zangu nazijua, hazinipotei, na mbele utaona kwa nini nataka ulijue hilo.

Habari za karakana ni nzuri. Tuko palepale nyuma ya kinyozi, ila mabati ya juu nimeyabadilisha, hayavuji tena kwenye kona ya ngozi. Nyongesa bado ni msaidizi wangu. Ameoa msichana wa kwao Bungoma, na amenenepa kiasi kwamba kile kistuli chake kimeanza kuomba likizo. Kila tukinywa chai ya saa kumi lazima akutaje. Bado anasimulia ile siku tulipobishana mimi na wewe juu ya bondi mpaka maziwa yakafanya utando.

Unaikumbuka? Ilikuwa Aprili, wiki yako ya pili hapa, baada ya ile shule yako ya Satellite ulikofundisha kemia kukaa miezi mitatu bila kukulipa ukaja kunisaidia. Nilikuwa nimekuambia kwamba nimeanza kununua bondi za serikali, zile wanazoziita hatifungani kwenye taarifa ya habari. Nikakueleza kama nilivyoelezwa: unaikopesha serikali, kila miezi sita inakulipa riba, na miaka ikiisha inakurudishia mtaji wako wote. Ukaniuliza itakuwaje nikipata shida katikati. Nikasema unaweza kumuuzia mtu mwingine, ila huenda ukapata hasara, kwa hivyo dawa ni kuketi na kungoja. Nawe ukacheka, ukasema kwamba wewe bondi unazozijua ni nyingine, na huhitaji kuzingojea kwa sababu zimekushika tayari kuanzia ukucha hadi nywele.

Ukachukua mandazi yangu ukayakata. Ukasema atomu mbili ni kama watu wawili, kila mmoja ana upungufu wake, wanaweka kidogo walicho nacho kwenye sahani moja katikati yao, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kuinuka mezani aende zake bila kuvunja kitu. Ukasema kuvunja si bure, kunataka nguvu kutoka nje, moto au kitu kama hicho. Nikakujibu kwamba bondi isiyolipa riba hata ya shilingi hamsini si bondi, ni ukoo. Nyongesa akafungua mdomo uliojaa mandazi akauliza ni ipi kati ya hizo mbili mwenye nyumba wake anaikubali mwisho wa mwezi. Nilicheka siku hiyo, Mbuvi. Sikuwa nimecheka hivyo karakanani tangu niifungue.

Halafu ukaniletea ile gundi mpya kutoka Industrial Area. Ulisema soli za plastiki ninazotumia siku hizi haziipendi gundi yangu ya zamani, ndiyo maana viatu vyangu vya shule vinarudi baada ya muhula mmoja. Ukasema hii ya kuchanganya na hadina, kile kichupa cha kukazia, itashika hadi mtoto akue akiache kiatu kizima. Sikuamini, lakini nilikupa nafasi. Ukaandika kanuni zako kwenye ukurasa wa daftari ukazibandika ukutani. Sugua soli kwa msasa. Paka pande zote mbili. NGOJA DAKIKA ISHIRINI, kwa herufi kubwa, ukapiga mistari miwili chini. Gusa kwa kifundo cha kidole: ikikushika, bado, ikikuacha, gonga. Nilikuuliza gundi gani hii inayokuwa tayari wakati imeacha kunata. Ukanieleza kwa upole, kama unavyowaeleza wanafunzi wako, kwamba kuna majimaji ndani yake ambayo lazima yaondoke kwanza, na ukigonga kabla hayajaondoka unayafungia ndani, kiatu kitaonekana sawa leo na kitafunguka kesho. Ukasema: inaonekana imekaa tu, lakini hapo ndipo inapofanya kazi. Nikasema basi ni kama bondi zangu. Ukasema, afadhali sasa umenielewa, siz.

Nakukumbusha haya yote kwa sababu nataka uone kwamba sikusahau hata neno moja.

Ndipo ikaja ile oda ya Abdelrahim wa duka la sare. Jozi mia mbili na arobaini za watoto wa ile shule ya Kibera, shilingi elfu moja na mia moja kila jozi, jumla laki mbili na elfu sitini na nne. Alikuwa amenipa elfu themanini na nne za kununulia ngozi na soli, na laki moja na elfu themanini angenilipa akishapokea mzigo. Unamjua Mnubi yule, ndevu zimepakwa hina na maneno yamepakwa pilipili, lakini akisema atakulipa saa tatu hakulipi saa tatu na dakika moja. Tena alikuwa kwenye bodi ya shule hiyo, na alikuwa amekuona ukifanya kazi, akaniuliza kama kweli wewe ni mwalimu wa kemia mwenye digrii. Walikuwa wanatafuta mmoja. Akasema mzigo ukifika vizuri atalipeleka jina lako kwenye bodi yeye mwenyewe. Siku hiyo ulipiga pasi shati ambalo hata hukuwa unalivaa.

Jozi mia moja na arobaini na tatu za kwanza tulizigundisha sote watatu, wewe ukiwa na saa ya simu mkononi kama refa. Ijumaa jioni ukaondoka na Mwaitu kumrudisha Kitui baada ya kliniki ya macho, ukasema utarudi Jumatatu jioni. Mlangoni uligeuka ukaniambia nisipunguze dakika. Nikakujibu kwamba sikuzaliwa jana.

Yaliyofuata unayajua kwa upande mmoja. Shule zilifunguliwa, na mvua ya wiki ya kwanza ikanyesha kama iliyolipwa. Matope ya Sarang'ombe kule Kibera unayajua, tumekulia ndani yake. Siku ya nane Abdelrahim akaja hapa na mkokoteni, magunia mawili, akamwaga viatu mbele ya mlango wangu, kinyozi na wateja wake wakatoka na sabuni kwenye videvu kutazama. Jozi tisini na saba. Soli zimeachana na ngozi mbele, vidole vya soksi vinachungulia, viatu vyote vinacheka kwa pamoja. Abdelrahim akauliza kama nimemuuzia viatu au nimemuuzia midomo. Nikasema, na nililisema kwa sauti ili kinyozi naye asikie, kwamba ni gundi ya mwalimu. Nikasema mimi nilikuwa na gundi yangu nzuri ya miaka kumi na saba, mwalimu akaja na vitabu vyake.

Wewe ulikuwa umeshika brashi. Uliinama ukaokota kiatu kimoja, ukakinusa, ukakifungua kabisa ukaangalia ndani, ukakiweka chini. Ukaokota cha pili. Cha tatu. Kisha ukaniangalia. Nilingoja useme, nami nilikuwa na jibu langu kali tayari mdomoni. Lakini ulimgeukia Abdelrahim ukamwambia samahani mzee, ni mimi nilikosea vipimo vya hadina. Akakuita Profesa wa Midomo. Akasema mtu asiyeweza kubandika soli hatamfundisha mtoto wa Kibera kemia, na jina lako likaishia hapo. Kesho yake asubuhi nilikuta brashi zimepangwa.

Basi nimekulaumu miezi kumi kwa kuondoka bila kuniaga. Nimemwambia kila mtu, hata mchungaji, kwamba nilimsomesha ndugu yangu na akanipa mgongo. Na watu wamenihurumia. Ukihurumiwa kwa muda mrefu unazoea, Mbuvi, inakuwa kama chai ya saa kumi.

Sasa nifike ninapokwenda, kabla wino haujaisha.

Wiki ile ya oda kulikuwa na mnada wa bondi, ya miundombinu, ile isiyokatwa kodi. Riba asilimia kumi na nne. Nilikuwa na laki moja na elfu ishirini benki. Nikapiga hesabu, laki moja na ishirini na ile laki moja na themanini ya Abdelrahim ni laki tatu kamili, nikaomba ya laki tatu. Niliomba kabla pesa haijafika mkononi. Nikakubaliwa. Ukishakubaliwa, lazima ulipe kabla ya Jumatatu saa nane mchana, na usipolipa wanaweza kukufungia minada ijayo. Abdelrahim naye alikuwa amesema mzigo ukiingia dukani kwake Jumapili kabla ya Magharibi, Jumatatu asubuhi pesa ni yangu. Ukichelewa, ningojee hadi Alhamisi, maana Jumatatu anasafiri kwenda kwa binti yake Eldoret.

Jumapili saa tatu asubuhi tulikuwa mimi na Nyongesa, na jozi tisini na saba zimebaki. Sikwenda kanisani. Ile meza yangu unaijua, inabeba jozi sita kwa mara moja. Sita katika tisini na saba ni mizunguko kumi na saba, wa mwisho ukiwa wa jozi moja. Kila mzunguko ni dakika ishirini na tano za kusugua, kupaka na kugonga, ukiongeza ishirini zako za kungoja ni arobaini na tano. Mara kumi na saba ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Tungemaliza saa nne kasorobo usiku, na Abdelrahim amefunga, na bondi yangu imekwenda. Lakini kungoja kukiwa dakika tano, hesabu inashuka hadi saa nane na nusu. Saa kumi na moja unusu jioni umemaliza, nusu saa ya kuvuka hadi Kibera, umefika.

Nyongesa aligusa kiatu cha kwanza kwa kifundo akaniambia, "Madam, hii bado inanishika." Nikamwambia agonge. Akasema mwalimu ameandika ishirini. Nikamuuliza mshahara wake huwa anaandikiwa na mwalimu ama na mimi. Akagonga. Nami nikagonga. Tukagonga jozi tisini na saba.

Dakika kumi na tano mara kumi na saba ni dakika mia mbili hamsini na tano. Hizo ndizo nilizookoa. Hizo ndizo zilizokutoa Nairobi. Mimi ninayeweza kuingojea serikali miaka kumi nilishindwa kuingojea gundi yako dakika ishirini.

Na usidhani niligundua baadaye. Wewe unajua kwamba kila kiatu ninachotengeneza nakiandika nambari ya jozi yake kwa kalamu chini ya soli ya ndani, moja, mbili, tatu, hadi mwisho wa oda, tangu enzi za kibao pale Satellite, ili nijue cha nani kimerudi na kilitengenezwa lini. Abdelrahim alipokuwa bado anamwaga gunia la pili, mimi nilikuwa nimeshainua soli ya ndani ya kiatu kimoja. Nambari 151. Kingine, 188. Kingine, 240. Jioni nilivipanga vyote. Kuanzia 144 hadi 240, hakuna kilichobaki shuleni. Kuanzia moja hadi 143, zile za ishirini zako, hakikurudi hata kimoja. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuisoma hesabu hiyo. Niliisoma, nikafunga mdomo, na siku iliyofuata nikaanza kukununia kwa kuondoka.

Kuna lingine. Zile tisini na saba nilizirudia kwa gundi ileile, kutoka kwenye pipa lilelile, nikingoja dakika ishirini nikiangalia ukurasa wako ukutani. Zikashika. Abdelrahim nikamwambia nimerudia gundi yangu ya zamani. Pipa lako la tatu ndilo liko wazi sasa hivi hapa nyuma yangu ninapoandika.

Ningeendelea hivyo, sitakuficha. Lakini mwezi uliopita Abdelrahim alikuja na oda ya jozi mia tatu. Akaketi kwenye kistuli chako, akakunja kiatu mkononi mwake huku na huku, akasema, "Unaona Mutheu, tangu umfukuze yule Profesa viatu vyako vimepata adabu." Nyongesa akaweka nyundo chini akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameegemea ukuta wa kinyozi. Nikadhani anataka nyongeza ya mshahara. Akaniambia kwamba siku ile ya magunia alikuwa amesimama karibu nawe, na alikuona ukiinua soli za ndani. Kiatu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Aliona ukisoma nambari. Akasema uliniangalia, ukaangalia ule ukurasa ukutani, halafu ndipo ukamwambia Abdelrahim ni wewe uliyekosea vipimo. Akasema alidhani mimi ninajua kwamba wewe unajua.

Sikujua, Mbuvi. Nakuapia kwa jina la baba, sikujua. Mimi niliona umeangalia ndani ya kiatu, nikadhani unaangalia gundi.

Kwa hivyo nimekaa nakuandikia kukiri jambo ulilolijua kabla yangu. Ulinijua, na ukalichukua, na kazi ikakupita, na ukaniacha niseme nilivyotaka kwa mchungaji. Zile simu thelathini na nne sasa naziona vingine. Ulikuwa hutaki kunisikia nikidanganya.

Jana, baada ya swala ya Ijumaa, nilikwenda dukani kwa Abdelrahim, Sarang'ombe. Nilibeba kiatu 150 kilichofunguka, nilikuwa nimekiweka na yule mtoto nikamshonea kingine, na ule ukurasa wako nimeubandua ukutani. Mkewe Fatna akanipa chai ya tangawizi nikashindwa kuinywa. Nikamwambia Abdelrahim yote, dakika, mizunguko, mnada, na uongo wa gundi ya zamani. Alikipokea kile kiatu akakifungua na kukifunga kama mdomo, nami nikaanza kuhesabu vifungo vya sare zilizotundikwa. Halafu akasema kwamba miezi kumi amemtukana mtoto wa watu sokoni, msikitini na mbele ya bodi, na mimi nimemwacha ajitwike dhambi hiyo kama gunia la mtu mwingine. Nikamwambia nitamlipa zile gharama za mkokoteni na aibu, nina riba ya kwanza ya ile bondi, elfu ishirini na moja, sijaigusa. Mama yangu! Aliruka kama nimemwekea nyama ya nguruwe mezani. Akasema, "Pesa iliyozaa bila ndoa usiniletee mimi." Fatna akacheka hadi akakaa chini, na hapo ndipo nami nikaanza kulia.

Akaniambia hataki pesa, anataka miguu yangu. Yule mwalimu wa kemia waliyemwajiri amekwenda kaunti nyingine, nafasi iko wazi tena, na bodi inakaa Jumamosi ya tarehe 21, saa nne asubuhi, kwenye ile ofisi yao karibu na magorofa ya Soweto, hukohuko Kibera. Akasema mimi mwenyewe nitasimama mbele yao nieleze, kwa sauti ileile niliyomsemea kinyozi. Nitasimama. Kinyozi naye nimeshamwambia. Alikuwa akimnyoa mteja, akasimamisha mashine, akasema alijua tu, lakini huyo kila kitu huwa alikijua. Mchungaji nitamwambia kesho.

Wewe kuja au kutokuja ni juu yako. Sikuamuru, na zile laki nne na elfu kumi na nne za karo usiziweke kwenye mizani, nimezifuta leo, na ningekuwa na akili ningezifuta zamani. Mimi nitakuwepo siku hiyo uje usije. Abdelrahim alisema jambo moja tu kukuhusu: nikuambie uje na kanuni zako, maana bodi itataka kukuuliza kuhusu hizo dakika ishirini. Ukurasa wenyewe uko ndani ya bahasha hii. Ukutani nimeandika mwingine kwa mkono wangu, na ishirini nimeipigia mistari mitatu.

Mwambie Mwaitu kwamba nitakuja Pasaka, na sitakuja mikono mitupu, anitengee muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa, usio na mchanga. Nyongesa anakusalimu, anasema kistuli chako anakilinda kisikaliwe na watu wanene, yeye akiwemo. Fatna anakusalimu pia, ingawa hajawahi kukuona.

Kaveke atakupa na kifurushi. Usikipime kwa macho, kijaribu mguuni, saizi yako ni 42 isipokuwa umekua. Nilivitengeneza jana jioni nilipotoka Kibera, vyeusi, vya kamba, vya mtu anayeingia kwenye chumba cha bodi. Nilipaka pande zote mbili, nikaviweka mezani, nikakalia mikono yangu miwili kama mtoto aliyekatazwa sufuria, na Nyongesa akashika saa. Hakuna dakika iliyopungua. Tena nilizidisha mbili.

Inua soli ya ndani ya kiatu cha kulia utaona nambari. Ni 241.

Dada yako anayekungoja,
Mutheu